Kurahisisha Stringi za Usanidi katika Lugha ya C: Uchambuzi wa Njia Nne

Chanzo cha mkanganyiko

Mnamo Agosti 2023 maktaba ya glibc, ambayo ndiyo msingi wa programu nyingi zinazoendeshwa juu ya Linux, iliingiza katika toleo lake la 2.38 funksheni iitwayo strlcpy, baada ya watetezi wake kuipigania kwa takriban robo karne. Haukupita mwaka, wasanifu wa kiini cha Linux waliiondoa funksheni yenye jina hilohilo katika toleo la 6.8, lililotoka Machi 2024, wakisema kwamba ina kasoro na kwamba strscpy, waliyoianzisha mwaka 2015, inafaa zaidi. Kompaila ya Microsoft nayo humwonya mwandishi wa programu asitumie strcpy na kumwelekeza kwenye strcpy_s, ambayo glibc haijawahi kuwa nayo. Mwanafunzi au fundi anayezisoma habari hizi pamoja hana budi kujiuliza amfuate nani.

Hakuna mahali ambapo mkanganyiko huu una gharama kubwa kuliko katika stringi za usanidi. Stringi ni mfuatano wa herufi unaohifadhiwa katika kumbukumbu ya kompyuta, na stringi za usanidi ni zile zinazoieleza programu namna ya kufanya kazi mahali ilipo, kama vile jina la kituo, anwani ya seva, au kiwango ambacho kikivukwa kengele ilie. Huandikwa na watu wengi, wengine wakiwa si waandishi wa programu, huhaririwa kwa zana tofauti, na husomwa na programu pale inapoanza, wakati ambapo kosa moja huweza kuharibu yote yanayofuata.

Uchambuzi huu unazipima njia nne zinazopendekezwa kurahisisha kazi hiyo, na unaonyesha kwamba mabishano kuhusu funksheni ipi ya kunakili ni bora yamechukua nafasi ya swali lililo kubwa zaidi, nalo ni hili: ni sehemu ngapi za programu zinazoruhusiwa kuigusa stringi ambayo bado haijakaguliwa?

Usuli: urefu usioandikwa popote

Lugha ya C ilibuniwa na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Katika lugha hiyo stringi haibebi urefu wake, bali huishia pale inapokutana na baiti yenye thamani ya sifuri, hivyo funksheni inayotaka kujua urefu hulazimika kutembea herufi kwa herufi hadi mwisho. Uamuzi huo uliokoa kumbukumbu katika zama ambazo kila baiti ilikuwa na thamani, lakini uliacha mzigo wa kujua ukubwa wa chombo kinachopokea herufi hizo, yaani bafa, juu ya mabega ya mwandishi peke yake. Mwaka 1988 mnyoo wa Morris, yaani programu inayojisambaza yenyewe, ulienea katika mtandao wa wakati huo kwa kupitia, pamoja na njia nyingine, programu iliyotumia funksheni ya gets, ambayo husoma mstari bila kuuliza bafa ina ukubwa gani. Na ilichukua hadi kiwango cha C11 ndipo gets ikaondolewa rasmi katika lugha.

Katika Afrika Mashariki suala hili si la nadharia. Mradi wa WIMEA-ICT, uliozishirikisha Chuo Kikuu cha Makerere, Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Juba na Chuo Kikuu cha Bergen, ulijishughulisha na usanifu wa vituo vya hali ya hewa vinavyojiendesha, na vifaa vidogo vya namna hiyo kwa kawaida huandikiwa programu kwa lugha ya C. Haja ya vituo kama hivyo inaeleweka vyema wilayani Kasese, Uganda, ambako mito inayoshuka kutoka Rwenzori ilileta mafuriko makubwa Mei 2013 na tena Mei 2020, mto Nyamwamba ukiwa miongoni mwa ile iliyoleta maafa.

Kwa ajili ya uchambuzi huu itachukuliwa mifano ya kubuni ya vituo vitatu vya kupimia kina cha mto, kimoja Nyakalengija kwenye bonde la Mubuku, cha pili mjini Kasese, na cha tatu Bwera karibu na mpaka wa Mpondwe. Kila kituo kina faili dogo la usanidi lenye mistari kama `kituo=Nyakalengija` na `kiwango_hatari=1.85`, na msimbo mmoja unatumika kotekote, tofauti ikiwa ni faili hilo tu.

Kisa cha GLIBC_TUNABLES

Kabla ya kuzipima njia zenyewe, inafaa kuangalia kwa karibu kisa kinachoonyesha kwamba hata waandishi mahiri huteleza hapa. Maktaba ya glibc husoma kigeu cha mazingira, yaani stringi ambayo programu hurithi kutoka kwa mfumo ulioianzisha, kiitwacho GLIBC_TUNABLES. Kigeu hicho hubeba usanidi kwa muundo wa `jina=thamani`, jozi moja ikitenganishwa na nyingine kwa nukta mbili. Programu ilipoendeshwa kwa mamlaka ya juu kuliko ya mtumiaji aliyeiita, msomaji wa kigeu hicho alitakiwa kutengeneza nakala iliyosafishwa, ambayo ndani yake mipangilio ya hatari imeondolewa.

Mnamo Aprili 2021 msimbo huo ulibadilishwa, na kasoro ikaingia. Ikiwa stringi iliandikwa kwa umbo lisilo la kawaida la `jina1=jina2=AAA`, bila nukta mbili mwishoni, msomaji aliichukua sehemu yote ya `jina2=AAA` kuwa ndiyo thamani ya `jina1` na kuijaza bafa hadi pomoni; lakini kwa kuwa hakukutana na nukta mbili, hakukisogeza mbele kielekezi chake, kile kinachoshika mahali alipofikia. Akarudi kuisoma `jina2=AAA` kana kwamba ni mpangilio mpya, akauandika tena baada ya mwisho wa bafa iliyokwisha kujaa. Kampuni ya Qualys iliitangaza kasoro hiyo Oktoba 2023 na kuonyesha kwamba mtumiaji wa kawaida angeweza kuitumia kujipatia mamlaka yote ya mashine katika Fedora, Ubuntu na Debian za wakati huo.

Mambo mawili yanajitokeza katika kisa hiki. La kwanza ni kwamba tatizo halikuwa uteuzi wa funksheni ya kunakili, kwani bafa ilipimwa vizuri kulingana na urefu wa stringi ya awali. Lililokosewa ni dhana kwamba matokeo hayawezi kuwa marefu kuliko chanzo. La pili ni aina ya tiba iliyofuata baadaye: mbali na kuziba ufa wenyewe, wasanifu wa glibc waliamua kwamba programu zenye mamlaka ya juu zisiisome tena stringi hiyo kabisa. Kazi ya kusafisha, ambayo ndiyo ilikuwa ngumu, ilifutwa badala ya kuandikwa upya kwa uangalifu zaidi.

Njia ya kwanza: bafa zenye ukubwa maalumu

Njia iliyozoeleka zaidi ni kutenga bafa ya ukubwa unaojulikana kwa kila mpangilio na kunakili thamani humo. Ubora wake ni mkubwa katika vifaa vidogo, kwa kuwa kifaa chenye chipu ya ATmega328P, inayotumika katika bodi za Arduino Uno, kina kumbukumbu ya kazi ya baiti 2,048 tu, na mwandishi anayetenga kila kitu mapema hujua siku ileile ya kutayarisha programu kama nafasi inatosha au haitoshi.

Udhaifu wake huonekana pale ambapo ukubwa uliochaguliwa unakutana na data halisi. Tuseme mwandishi ametenga `char jina[12]` na kuijaribu programu yake kwa majina ya Kasese, lenye herufi sita, na Bwera, lenye herufi tano, yote yakafanya kazi. Nyakalengija ina herufi kumi na mbili kamili, hivyo inahitaji baiti kumi na tatu ili ile baiti ya sifuri ipate mahali pa kukaa. Kwa strcpy, baiti ya kumi na tatu itaandikwa juu ya kitu kingine kilicho jirani katika kumbukumbu. Kwa strncpy iliyopewa ukubwa wa kumi na mbili, herufi zote zitaingia lakini baiti ya sifuri haitawekwa, na yeyote atakayelisoma jina baadaye ataendelea kusoma hadi kwenye kumbukumbu isiyo yake. Jambo hili huwashangaza wengi kwa sababu strncpy hudhaniwa kuwa ni strcpy iliyofanywa salama, ilhali asili yake ni kujaza sehemu za urefu usiobadilika, kama zile za baiti 14 zilizohifadhi majina ya faili katika Unix ya awali.

Kwa strlcpy, iliyotoka OpenBSD mwaka 1998, au kwa snprintf, jina litakatwa kuwa "Nyakalengij", na funksheni itarudisha namba 12, ambayo ndiyo urefu wa jina kamili. Mwandishi akiilinganisha na ukubwa wa bafa atatambua kwamba jina limekatwa, lakini asipoilinganisha kituo kitatuma vipimo vyake kwa jina ambalo seva hailijui. Hapa ndipo yanapoeleweka mabishano yaliyotajwa mwanzoni. Kiini cha Linux kiliiacha strlcpy kwa sababu huisoma stringi ya chanzo hadi mwisho hata kama sehemu yake kubwa haitanakiliwa, jambo lisilofaa pale ambapo chanzo hakiaminiki, na kwa sababu thamani inayorudishwa ni rahisi kuitumia vibaya. Glibc iliikubali kwa sababu programu nyingi tayari zilikuwa zikibeba nakala zao binafsi, na ilikuwa ikiingizwa katika kiwango cha POSIX kilichochapishwa mwaka 2024. Pande zote mbili zina haki, kila moja katika mazingira yake, na hakuna kati yake inayomwondolea mwandishi wajibu wa kuamua la kufanya jina linapozidi bafa.

Njia ya pili: kumbukumbu inayoombwa kwa kadiri ya haja

Njia ya pili huachana na ukubwa maalumu. Programu husoma mstari kwa getline, ambayo huipanua bafa kadiri mstari unavyorefuka, kisha huhifadhi nakala ya thamani kwa strdup, funksheni iliyotumika kwa miaka mingi kabla ya kuingizwa katika kiwango cha C23. Tatizo la kukatwa kwa majina huondoka, na msimbo husomeka kwa urahisi zaidi.

Gharama yake ni umiliki, yaani swali la nani mwenye wajibu wa kuirudisha kumbukumbu hiyo kazi yake inapokwisha. Hitilafu inayojirudia ni hii: thamani ya awali ya mpangilio huandikwa ndani ya programu yenyewe, kwa mfano `seva = "localhost"`, kisha faili likisomwa thamani hiyo hubadilishwa na nakala iliyotoka strdup. Usanidi unaposomwa upya, mwandishi anataka kuiachia thamani ya zamani kwa free, lakini hawezi kujua kwa kuitazama kama ni ile iliyozaliwa na programu, ambayo kuiachia ni kosa linaloweza kuiangusha programu, au ni ile ya kuombwa, ambayo kutoiachia ni kuvujisha kumbukumbu. Dawa ni kuweka sharti kwamba kila thamani, hata ile ya awali, ipitie strdup, na sharti hilo lina maana pale tu ambapo kuna funksheni moja inayoruhusiwa kubadilisha thamani. Katika kifaa kidogo kinachofanya kazi miezi mingi bila kuzimwa kuna hatari ya ziada, kwa kuwa kuomba na kuachia mara kwa mara hukatakata kumbukumbu vipandevipande hadi ombi la kawaida likakosa nafasi.

Njia ya tatu: vipande vinavyoelekeza ndani ya bafa moja

Njia ya tatu husema kwamba kunakili hakuna haja. Faili zima husomwa mara moja katika bafa moja, na kila jina na kila thamani huwakilishwa na jozi ya kielekezi na urefu, jozi inayoweza kuitwa kipande. Kwa kuwa urefu umeandikwa waziwazi, ule upungufu wa msingi wa stringi za C unatibiwa, na umiliki nao unakuwa rahisi, kwani kitu kimoja tu, ile bafa kuu, ndicho kinachoombwa na kuachiwa.

Hata hivyo vipande haviwezi kuishi zaidi ya bafa vinamoelekeza, hivyo mwandishi akiiachia bafa baada ya kusoma, kila kipande kilichohifadhiwa hubaki kikielekeza mahali ambapo si pake tena. Aidha, sehemu kubwa ya maktaba ya C bado hutarajia baiti ya sifuri mwishoni, na anayetaka kufungua faili au kuunganisha modemu kwa kutumia kipande hulazimika kukinakili au kuweka sifuri juu ya alama ya kutenganisha. Hilo la mwisho ndilo linalofanywa na strtok, ambayo huibadilisha stringi inayopewa, huhifadhi mahali ilipofikia katika kumbukumbu ya ndani inayoweza kuvurugwa na mwito mwingine, na huhesabu alama mbili zinazofuatana kuwa moja, kiasi kwamba mpangilio ulioachwa wazi kwa makusudi hutoweka kabisa.

Njia ya nne: kukagua na kugeuza mara moja mlangoni

Njia ya nne huanzia mahali pengine. Badala ya kuuliza stringi ihifadhiwe vipi, huuliza kama inahitaji kuhifadhiwa. Mwandishi hutayarisha jedwali moja linaloorodhesha kila mpangilio kwa jina lake, aina yake, thamani yake ya awali na mipaka yake. Msimbo mmoja husoma faili, hulinganisha kila mstari na jedwali, hugeuza thamani kuwa namba, ndiyo au hapana, au stringi fupi iliyokaguliwa, na kuiweka katika muundo mmoja wa data. Sehemu nyingine za programu hupewa muundo huo tu, na hazioni kamwe maandishi ghafi.

Faida yake hudhihirika vizuri katika namba. Mstari wa `kiwango_hatari=1.85` ukisomwa kwa atof, matokeo hutegemea lugha na nchi ambayo mfumo umewekewa, kwa sababu funksheni za C za kusoma namba za desimali hufuata mazingira ya lugha iwapo programu imeyawasha kwa setlocale. Programu iliyowashiwa mazingira ya Kifaransa hutarajia mkato badala ya nukta, hivyo huisoma 1 na kuiacha .85. Kinyume chake, fundi wa Kasindi, ng'ambo ya mpaka wa Mpondwe, aliyezoea uandishi wa Kifaransa, akiandika `1,85` katika kituo chenye mazingira ya kawaida ya C, matokeo huwa yaleyale. Katika hali zote mbili atof hunyamaza, na kengele iliyokusudiwa kulia maji yakifika karibu mita mbili hulia yakifika mita moja, hadi wakazi wazoee kuipuuza. Msomaji aliye mlangoni, anayetumia strtod na kukagua kama herufi zote zimesomwa hadi mwisho, hulikamata kosa hilo palepale na kutaja mstari lilikotokea. Hali kadhalika huweza kuondoa ile herufi isiyoonekana ambayo vihariri vya Windows huiweka mwishoni mwa kila mstari, na ambayo hufanya jina la seva lionekane sahihi kwa macho ilhali haliungani na chochote.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba inadai nidhamu na msimbo wa ziada tangu mwanzo: kila mpangilio mpya lazima uandikishwe katika jedwali, na masharti yanayohusisha mipangilio miwili, kama vile kiwango cha tahadhari kuwa chini ya kiwango cha hatari, huhitaji ukaguzi wa pekee baada ya faili zima kusomwa. Kutumia maktaba iliyo tayari hupunguza kazi lakini hakuondoi maamuzi. Maktaba ndogo ya inih, kwa mfano, kwa kawaida huwekewa kikomo cha baiti 200 kwa mstari, na anayeitumia anapaswa kujua kwamba amekikubali kikomo hicho.

Kuna pia wanaoshauri kubadilisha muundo wa faili uwe JSON au YAML, au kuiacha C kwa ajili ya lugha kama Rust. Ushauri wa kwanza huongeza msimbo wa kuchanganua, kwani miundo hiyo ni mipana kuliko mahitaji ya mipangilio kumi. Wa pili una uzito kwa kazi mpya, lakini haujibu swali la msimbo uliopo tayari.

Mizani

Njia hizi zikiwekwa kwenye mizani kwa maswali matatu, yaani nani anamiliki stringi, urefu wake unajulikana wapi, na kosa linaonekana lini, inabainika kwamba tatu za kwanza hujibu maswali mawili ya mwanzo tu. Ni ya nne inayojibu la tatu. Wakati huohuo njia ya nne haiwezi kusimama peke yake, kwa sababu zile stringi chache zinazobaki, kama jina la kituo na anwani ya seva, bado zinahitaji mahali pa kukaa. Kwa hiyo si sahihi kuzichukulia zote nne kama wapinzani: ya nne ni mpango wa programu nzima, na zile nyingine ni vifaa vinavyochaguliwa ndani yake. Katika kifaa chenye baiti 2,048 bafa maalumu zinafaa, mradi ukubwa wake uandikwe katika jedwali na jina lililozidi likataliwe badala ya kukatwa. Katika seva inayopokea vipimo vya vituo, kumbukumbu ya kuombwa au bafa moja yenye vipande huondoa vikomo visivyo vya lazima.

Linabaki swali gumu kuliko yote, ambalo ni la kuamua kituo kifanye nini kosa linapogunduliwa. Kukataa kuanza ni unyofu, kwani hakuna kipimo cha uongo kitakachotumwa, lakini kituo kilicho juu ya bonde la Mubuku kikinyamaza katikati ya mvua za Mei, fundi hulazimika kupanda hadi huko ilhali walio chini wanaendelea kukitegemea. Kuendelea kwa thamani za awali hukifanya kituo kionekane kizima huku kikipima kwa viwango visivyo vya mto huo. Njia yenye madhara machache ni ya kati: usanidi mpya usomwe pembeni, ukaguliwe wote, na ushike nafasi ya ule wa zamani iwapo tu hauna kosa hata moja, vinginevyo kituo kiendelee na usanidi wa mwisho uliokuwa sahihi na kitume taarifa ya kosa pamoja na vipimo vyake. Mahali penye Linux, faili lenyewe nalo liandikwe kwanza kwa jina la muda na kuhifadhiwa diskini kikamilifu, kisha libadilishwe jina kwa rename, ili umeme ukikatika katikati ya kazi lisibaki nusu. Mpango huu unawezekana pale tu ambapo kusoma, kukagua na kutumia ni hatua tatu zilizotengana, jambo ambalo njia ya nne hulileta na nyingine haziwezi kulileta zenyewe.

Hitimisho

Uchambuzi huu umeonyesha kwamba chimbuko la ugumu wa stringi za usanidi ni uamuzi wa zamani wa lugha ya C wa kutobeba urefu wa stringi, na kwamba mabishano ya muda mrefu kuhusu strncpy, strlcpy, strscpy na strcpy_s yanahusu sehemu moja tu ya ugumu huo. Bafa maalumu hutoa uhakika wa kumbukumbu lakini hulazimisha uamuzi kuhusu majina marefu. Kumbukumbu ya kuombwa huondoa kikomo lakini huleta suala la umiliki. Vipande huandika urefu waziwazi lakini hutegemea uhai wa bafa kuu. Na ukaguzi wa mlangoni hudai kazi zaidi mwanzoni, kisha huifanya sehemu yote iliyobaki ya programu isihitaji kujua kwamba maandishi ghafi yaliwahi kuwapo.

Kisa cha GLIBC_TUNABLES kinatoa kipimo ambacho mwandishi yeyote anaweza kukitumia katika msimbo wake: ahesabu ni funksheni ngapi zinazopokea stringi ya usanidi ambayo haijakaguliwa, na kila badiliko linaloipunguza hesabu hiyo alihesabu kuwa ni kurahisisha, hata likiongeza mistari ya msimbo. Badiliko linalopunguza mistari huku likiiacha hesabu hiyo palepale limebadilisha sura ya msimbo tu, na gharama yake italipwa na wale wanaokitegemea kituo, siku ambayo jina lenye herufi kumi na mbili au namba yenye mkato itaandikwa katika faili kwa mara ya kwanza.